Sura ya 4: Shaba ya Mtu Mdogo

Ukinunua chumvi ya franga 800 kwenye soko kuu la Bunia ukatoa noti ya 1,000, usishangae ukirudishiwa noti moja ya 100 na peremende mbili. Mama muuzaji hajakuibia. Amefungua fundo la kitenge chake akatafuta, amemwuliza mwenzake wa bunga ya mihogo, amemtuma mtoto kwa muuza maji, na noti ndogo ya pili haikupatikana. "Papa, unisamehe," anasema, na anakuwekea peremende kiganjani kwa mikono miwili. Unaondoka ukijua kwamba peremende hizo hazitanunua kitu popote, hata kwake yeye mwenyewe kesho.

Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hilo kama kero ya soko tu. Siku hizi naliona kuwa swali la historia, tena swali kubwa: nchi hufikaje mahali ambapo pesa ya mtu mdogo imetoweka? Sura zilizotangulia zilihusu dhahabu, maana Ituri haisimuliki bila dhahabu ya Kilo na Moto. Lakini dhahabu ni pesa ya wafalme, majeshi na wafanyabiashara wakubwa. Anayetaka chumvi, kitunguu na sabuni kipande hajawahi kulipa kwa dhahabu. Tangu zamani pesa yake ni shaba. Ukitaka kujua serikali yoyote ilimthamini vipi raia wake wa chini, ipime shaba yake.

Waliotuachia ushahidi mwingi wa jambo hili ni Warumi wa kale. Kabla hawajawa na sarafu, walipimiana mabonge ya shaba kwenye mizani. Shaba nyekundu ikichanganywa na bati huwa ngumu zaidi na huyeyuka kwa moto mdogo zaidi. Mchanganyiko huo ndio bronzi. Kwa Kilatini shaba na bronzi ziliitwa kwa neno moja, aes, na hazina ya serikali ya Roma iliitwa aerarium, yaani nyumba ya shaba. Hata sarafu zilipokwisha kuenea, sheria yao ilishikilia desturi ya zamani: mtu akinunua shamba la Italia, mtumwa au ng'ombe, ilibidi wawepo mashahidi watano na mtu mwingine aliyeshika mizani, na mnunuzi akaigonga mizani hiyo kwa kipande cha shaba. Mtu wa Mongbwalu hahitaji kuelezwa sana. Huko mchimbaji na mnunuzi wa dhahabu bado wanainamia mizani ndogo, vijiti vya kiberiti upande mmoja na vumbi la dhahabu upande wa pili, na macho ya waliosimama pembeni ndiyo ushahidi.

Sarafu ya msingi ya Roma iliitwa ase. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo ase moja ilikuwa na uzito wa ratili nzima ya Kirumi, karibu gramu 324. Upande mmoja ilikuwa na Janus, mungu mwenye nyuso mbili. Upande wa pili, omo ya merikebu. Ilikuwa nzito mno kugongwa kwa nyundo, kwa hiyo mafundi waliyeyusha bronzi na kuimimina kwenye kalibu. Mtu akiwa na ase kumi alibeba zaidi ya kilo tatu za pesa. Kisha Hannibal, jemadari wa Karthago, akavuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo na kuingia Italia na jeshi lake. Roma ilihitaji kulipa askari, kununua nafaka na kuunda merikebu, na shaba haikutosha. Ase ikaanza kukonda. Kufikia mwaka 211 hivi ilikuwa na sehemu ya sita ya uzito wake wa kwanza, karibu gramu 54. Baadaye ikawa 27, na ilipofika mwaka 90 hivi ilikuwa imebaki na gramu 13.

Jina halikubadilika, ase ilibaki ase. Naelewa kwamba adui alikuwa mlangoni, na sijui ni serikali gani ingefanya tofauti. Lakini hesabu hiyo lazima mtu aliilipa, na alikuwa yule aliyekuwa na akiba yake katika ahadi ya ase kadhaa na hakuwa na fedha wala dhahabu ya kukimbilia.

Augustus, mfalme wa kwanza wa dola hiyo, aliipanga upya pesa yake mnamo mwaka 23 kabla ya Kristo. Ase ikawa ya shaba nyekundu tupu. Juu yake akaweka sestersi ya shaba ya njano, ile inayotokana na shaba na zinki na kung'aa kama dhahabu. Ase nne zilifanya sestersi moja, sestersi nne zilifanya dinari moja ya fedha, na dinari 25 zilifanya sarafu moja ya dhahabu. Mpangilio huo ulidumu zaidi ya miaka 200. Kinachonivutia zaidi humo ni ngazi ya chini kabisa. Ilikuwapo robo ya ase, sarafu ndogo ya shaba, na ndiyo iliyokuwa kiingilio cha kawaida cha hamamu ya umma. Kwa ase moja mtu wa Pompeii alikunywa kikombe cha divai rahisi, kama maandishi ya ukutani katika duka moja la mji huo yanavyoonyesha. Maskini wa Roma alikuwa maskini kweli, lakini aliyemdai hamamu au divai hakuwa na sababu ya kumrudishia kitu kisicho pesa.

Sarafu hizo hizo ndogo zilimpa mtu lugha ya kudai haki yake. Mwaka 14 baada ya Kristo, Augustus alipofariki, vikosi vya Pannonia karibu na mto Danube viliasi. Mwanahistoria Tacitus anamtaja askari wa kawaida, Percennius, aliyewaambia wenzake kwamba roho na mwili wa askari vinathaminiwa ase kumi kwa siku, na katika hizo kumi anatoa nguo, silaha na hema. Kila aliyemsikiliza alijua ase kumi zinanunua nini. Malalamiko yake yalieleweka kwa sababu pesa yenyewe ilieleweka.

Huku kwetu, kusini mwa nchi yetu, watu walikuwa na shaba yao wenyewe na hawakuwa wameazima wazo hilo kwa yeyote. Karibu na ziwa Kisale, kwenye bonde la Upemba ambako mto Lualaba unatawanyika katika mabwawa, kuna makaburi ya Sanga. Yalianza kuchimbuliwa na wataalamu mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970. Ndani yake wafu walizikwa na misalaba midogo ya shaba. Iliyo ya zamani ni mikubwa na vipimo vyake vinatofautiana. Kadiri karne zinavyosonga kuelekea ya 18, misalaba inakuwa midogo, mingi na yenye vipimo vinavyofanana, na mara nyingi iko mikononi mwa marehemu au kiunoni. Kitu kilichoanza kama mali ya heshima kiligeuka kuwa pesa ya kuhesabu. Mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani ya malakiti kwa makaa na mivukuto, kisha wakamimina shaba kwenye kalibu za mchanga. Kazi hiyo haikuwa mbali na ya wale mafundi wa Roma walioimimina ase ya ratili. Katanga ilipojitenga, serikali yake ilitoa mwaka 1961 sarafu za bronzi za franga 1 na franga 5, na kilichochorwa juu yake kilikuwa msalaba huo huo.

Mivukuto imenikumbusha neno ambalo Bunia hatulisikii mitaani ingawa kamusi za Kiswahili bado zinalo: fulusi. Sisi tunasema feza, tunasema franga. Feza ni fedha, yale madini meupe, na franga tumeipata kwa Wabelgiji. Fulusi ina safari ndefu zaidi. Kwa Kilatini follis ni mfuko wa ngozi, na pia ni mvukuto wa mhunzi. Dola ya Roma ilipodhoofika na sarafu kupoteza thamani, kuzihesabu moja moja kulichosha, kwa hiyo zilifungwa katika mifuko iliyopigwa muhuri na mfuko mzima ukahesabiwa kama malipo. Jina la mfuko likahamia kwenye sarafu. Mwaka 498 Anastasius, mfalme wa Konstantinopoli, alitoa sarafu kubwa ya bronzi iliyojulikana kwa jina hilo. Waarabu walipoiteka Syria na Misri katika karne ya 7 waliikuta sokoni, wakaiita fals, na kwa wingi fulus. Kutoka hapo neno lilipanda jahazi hadi pwani yetu ya mashariki.

Pwani hiyo nayo ilikuwa na shaba yake. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu ndogo za shaba tangu karne ya 11 hivi. Zile za Ali bin al-Hasan zina maandishi ya Kiarabu yenye vina: jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, vikipokezana kama mishororo miwili ya shairi. Nayo pesa, neno tunalolitumia bila kufikiri, ni paisa ya Kihindi, ambayo ilikuwa sarafu ya shaba. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa zake za shaba mwaka 1882, na juu yake akaweka picha ya mizani.

Wapagazi waliozijua pesa hizo za Barghash waliingia Ituri miaka mitano baadaye. Mwaka 1887 mvumbuzi Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya mwishoni mwa Juni, akapita msitu wa Ituri akiwa na watu aliowaajiri Zanzibar, na Desemba akatokea kwenye nyanda za juu za ziwa Albert, si mbali na ilipo Bunia leo. Msafara ulikuwa umenunuliwa vitambaa, shanga, na tani moja ya waya wa shaba ya njano, shaba nyekundu na chuma. Huo waya ulikuwa pesa. Kwenye mto Kongo vipande vyake viliitwa mitako, na ndivyo vilivyolipa chakula, kuni, wapagazi na askari.

Mwaka huohuo wa 1887, kule Ulaya, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa anaitengenezea Dola Huru ya Kongo sarafu za shaba: santimu 1, 2, 5 na 10, za mwaka 1887 na 1888. Ninayo moja ya santimu 10. Niliinunua kwa fundi wa sufuria aliyekuwa anachambua vyuma chakavu kabla ya kuwasha moto. Inajaza kiganja. Katikati ina tundu, kuzunguka tundu kuna nyota yenye ncha tano, na upande wa pili kuna herufi L zilizounganishwa chini ya taji, zikirudiwa pande zote. Ni sarafu nzuri. Mchongaji wake alijua kazi. Tundu lilimfaa mtu asiye na mfuko, aliyeweza kutunga pesa zake kwenye kamba.

Uzuri huo ulibaki sehemu za chini za mto, Boma na Matadi. Juu ya mto na huku mashariki mtu wa kijiji hakuiona sarafu hiyo kwa miaka mingi. Yeye alilipwa mitako, na mitako ilikuwa inakatwa. Kila mkono ulioipitisha uliipunguza kidogo, ikazidi kuwa mifupi mwaka hadi mwaka huku ikihesabiwa kwa jina lilelile, kama ase ya wakati wa Hannibal. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, katika ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1904, anaeleza vijiji vilivyolazimishwa kupeleka chakula kwenye vituo vya serikali na kulipwa mitako kwa bei iliyopangwa na serikali, chini ya bei ya soko lao wenyewe. Hapo ndipo ninaposema bila kusita kwamba huu ulikuwa wizi. Roma iliikondesha ase ikiwa inapigana na adui aliyeingia nyumbani mwake. Leopold alikuwa na sarafu nzima tayari, nzito, zenye nyota, akachagua kumlipa mwenye jasho kwa waya unaopungua.

Baada ya hapo sarafu zilikuja, na wazee wa Bunia wanazikumbuka: nikeli yenye tundu, kisha ile ya franga 2 ya mwaka 1943, ya shaba ya njano yenye pembe sita na picha ya tembo, iliyogongwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani. Nazipita haraka, maana linalotuhusu zaidi ni lililotokea mikononi mwetu wenyewe.

Juni 1967 nchi ilipata pesa yake, zaire. Zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Iligawanyika katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Kulikuwa na sarafu ya sengi 10 ya alumini, nyepesi kama ganda, yenye picha ya chui. Nilipokuwa mtoto niliwasikia wakubwa wakizitaja sengi kama kitu cha kununulia, na ninaamini ule ulikuwa wakati ambapo ngazi ya chini ya pesa yetu ilikuwa imara: aliyekuwa na kidogo alikuwa na kitu cha kushika.

Nchi hiyo iliishi kwa shaba, safari hii ile ya kuuzwa nje. Mwaka 1974 bei ya shaba duniani ilianguka, miezi michache baada ya serikali kunyang'anya biashara za wageni na kuwagawia watu wake. Mapato yakakatika, matumizi yakaendelea, na pengo likajazwa kwa noti. Krismasi ya mwaka 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla, na waliokuwa mbali na benki waliachwa na karatasi. Mwaka 1987 na 1988 zikatolewa sarafu za zaire 1, 5 na 10, za shaba ya njano. Zilikuwa za mwisho. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ukaporomoka nao. Januari 1993 askari walilipwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara wa Kinshasa walizikataa, na mji ukatumbukia katika uporaji na mauaji.

Hesabu ya mwisho ni hii. Oktoba 1993 zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zilibadilishwa kwa franga moja. Kwa hiyo franga moja ya mwaka 1998 ilisimama mahali pa zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeweka akiba ya zile sarafu za zaire 10 za mwaka 1988 angehitaji bilioni 30 za shaba ya njano ili apate franga moja. Ase ya Roma ilichukua zaidi ya miaka 100 kupoteza sehemu 24 katika 25 za uzito wake, na Warumi waliona hilo kuwa pigo.

Franga ilipoanza, dola moja haikufika franga mbili, na benki kuu ilitoa noti mpaka ya santimu 1. Noti ya karatasi kwa santimu! Karatasi hiyo haikuweza kuvumilia mfuko wa mama wa soko msimu mmoja wa mvua. Santimu zilikufa, kisha franga 1, 5, 10 na 20 zikazifuata. Leo ukivuka ziwa Albert, Mganda bado anakupa shilingi 100, 200 na 500 za chuma. Sisi tuna noti za mia zilizochakaa hadi tembo wake haonekani, na tuna dola, ambayo ikichanika kidogo pembeni kambisti, yule mbadilisha pesa, anakurudishia. Kongo imekuwa nchi ya pili duniani kwa kuzalisha shaba. Bati linachimbwa Bisie, Walikale. Vitu viwili vya kutengeneza bronzi vyote vinatoka ardhini mwetu, vinapakiwa kwenye malori na kuondoka, na sokoni Bunia haizunguki sarafu hata moja ya Kongo.

Wapo Waafrika waliowahi kuifikiria pesa ya mtu mdogo: katika karne ya 4 na ya 5 wafalme wa Aksum, kule Ethiopia ya leo, waligonga bronzi kwa wingi kwa ajili ya masoko yao. Dhahabu yao iliandikwa kwa heshima za mfalme na ilikwenda kwa wageni. Kwenye bronzi waliandika kwa Kigiriki maneno ya kuomba kwamba jambo hili liwapendeze wananchi. Benki Kuu yetu haijachelewa kufikiria hivyo. Pesa ndogo itakayodumu miaka 20 mfukoni mwa mama wa chumvi inahitaji kwanza bei zilizotulia, na hizo zinahitaji serikali isiyochapisha karatasi kujaza mapengo yake. Hiyo ndiyo kazi ngumu, nami sioni kwa nini tusiidai kwa sauti ileile tunayodaia barabara na amani.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kopo lenye santimu ya tundu, sengi ya chui, au tembo wa pembe sita, usiliuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waonyeshe watoto, na uwaambie kila moja ilinunua nini.